Aliyepewa Onyo kwa Kupoza Simu: Otilia Margwe Anastaafu

Bi. Otilia Margwe, mkaguzi wa mashamba wa Njia ya Bonga, anastaafu tarehe 30 Septemba akiwa ameutumikia Ushirika wetu wa Mbaazi wa Uwanda Mwekundu kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya Jarida la Wafanyakazi iliniomba niandike wasifu mfupi na wenye furaha. Kuhusu ufupi, wanaonifahamu watanisamehe. Kuhusu furaha, ipo na nitaifikia, lakini siwezi kuanza nayo, kwa sababu hadi jarida hili linapelekwa kuchapwa, Mama Edda, kama tunavyomwita sote, amezuiwa kutembeza njia.

Kwa wafanyakazi wapya ambao hawajui uzito wa jambo hilo, nieleze. Mkaguzi anayestaafu hutembea njia yake yote siku ya mwisho pamoja na yule anayempokea. Wanaingia nyumba kwa nyumba. Mbele ya kila mkulima anamshika mwenzake mkono na kusema, "Huyu ndiye mimi sasa." Basi. Hakuna hotuba wala soda. Lakini bila maneno hayo, mkaguzi mpya ni mtu tu mwenye simu anayezunguka shamba la wenyewe, na katika mji huu mtu wa namna hiyo haulizwi jina, anaulizwa katumwa na nani. Mimi nilipewa Njia ya Singe bila kutembezwa, kwa kuwa aliyenitangulia alihama ghafla. Msimu mzima watoto wa Singe wakiniona walikimbia kuwaambia wazazi wao kwamba mtu wa benki amekuja. Wengine mpaka leo hawajaridhika.

Kanuni yetu inasema mwenye onyo la maandishi lisilofutwa hatembezi njia. Anakabidhi vifaa dirishani kwa mtunza stoo, anasaini, anakwenda zake, kama mtu aliyefukuzwa kwa adabu. Mama Edda ana onyo. Nitaeleza lilivyopatikana, na namwomba msomaji atafute pa kukaa kwanza.

Otilia alizaliwa nyanda za juu za Mbulu katika familia ya wakulima, akaja Babati alipoolewa na marehemu Baba Edda. Ushirika ulimwajiri ghalani, kupepeta mbaazi na kushona magunia. Wazee wa ghala wanasimulia kwamba hakukaa sana, kwa sababu kila lilipoletwa gunia lenye mawe alilirudisha, na alilirudisha kwa sauti iliyosikika mpaka Maisaka, liwe la mkulima mdogo au la mjumbe wa bodi. Uongozi wa wakati ule ulikuwa unajua kucheka. Ukasema mama huyu apelekwe mashambani, huko sauti kubwa ni kifaa cha kazi. Ndivyo tulivyompata mwanamke wa kwanza kuwa mkaguzi katika ushirika huu.

Kupima mashamba alianza na kamba ya katani yenye mafundo, akaja kwenye utepe, akamalizia na simu. Alianza kwa miguu, akapewa baiskeli, kisha pikipiki. Pikipiki alijifunza akiwa tayari mtu mzima, na mwalimu wake nilikuwa mimi, jambo linaloeleza vizuri kwa nini siku ya kwanza aliingia nayo kwenye mfereji. Alitoka na tope hadi kwenye nyusi, akaniuliza, "Severine, hivi breki ulisema ni ya mkono gani?" Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema, "Ungeniambia jana." Akapanda tena, akaenda kupima.

Hanywi chai ya mkulima kabla hajamaliza kazi. Anadai chai husogeza mipaka. Akishamaliza, anakaa na kunywa vikombe vyote alivyovikataa, na hapo ndipo anapopata habari ambazo hakuna fomu inayoziuliza: nani anauza ng'ombe, nani kagombana na shemeji yake, shamba la nani limeanza kunyauka upande wa chini. Ule mwaka funza wa maganda walipovamia mbaazi, yeye alizipata habari zao kwenye kikombe cha chai. Akapita nyumba kwa nyumba akihimiza watu wapulize dawa, wakati ofisi ingali inajadili kama funza hao wapo. Sisi wa njia nyingine tulivuna maganda matupu. Bonga walijaza ghala, na mwenyekiti wa wakati huo akampongeza mbele ya mkutano mkuu. Hayo yote yamo kwenye kumbukumbu za ushirika, na onyo nalo sasa limo.

Tufike kwenye simu.

Msimu wa juzi tuliletewa simu janja za kukagulia mashamba. Sikatai, ni kitu kizuri. Unapiga picha pembe za shamba, unatembea mpakani huku setilaiti ikifuatilia, unatuma, ofisini wanaona kila kitu kwenye ramani. Pamoja na simu tukaletewa kava. Kava hilo ni la mpira mweusi, nene kama soli ya buti, lina nembo ya ushirika mgongoni, na limefungwa kwa skurubu. Tukaambiwa kulifungua ni kosa la nidhamu, kwa kuwa simu za majaribio zilivunjika. Tukaambiwa pia tuivae simu shingoni, ikae kifuani, ili mkulima aione nembo. Tukatii. Tukawa tunatembea mashambani tumening'iniza matofali meusi kifuani, kwenye jua la Januari.

Sasa mwenye macho aone. Saa tano asubuhi simu inaanza kuwa ya moto. Saa saba mchana huwezi kuishika kwa kiganja kitupu. Na ikishapata moto inakuwa nzito. Ukiibonyeza inatafakari. Picha inatoka wakati umeshashusha mkono, kwa hiyo tulituma ofisini picha nyingi nzuri za viatu vyetu. Kioo kinafifia chenyewe jua likiwa kali, yaani wakati hasa unapokihitaji king'ae. Mwisho kamera inajifunga na yanatokea maandishi kwamba simu ina joto kupita kiasi, isubiriwe ipoe. Simu yenyewe ilisema ukweli. Tatizo ni kwamba ilimwambia Mama Edda, haikumwambia meneja.

Kila mmoja alitafuta dawa yake. Mwenzetu mmoja aliifunga leso mbichi. Mimi niliiweka ndani ya kofia, nikapata simu ya moto na kichwa cha moto kwa wakati mmoja. Mama Edda alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa Babati angelifanya kwa mtoto au mbuzi aliyezidiwa na jua: aliipeleka mitini, akakaa nayo mpaka ipoe, akarudi kazini.

Ofisini hawakuona joto. Waliona muda. Kila shamba lilikuwa na muda wake wa kawaida, na kila mkaguzi alipewa alama kwa kulinganishwa na muda huo. Kwa msimu huo mmoja Mama Edda, aliyekuwa akitajwa wa kwanza kila mwaka, akawa wa mwisho. Hata mimi nilimpita, na mtu yeyote aliyeniona nikitembea angejua hapo hapo kwamba kipimo kimeharibika. Njia yangu ina miti na ya kwake iko wazi kwa jua, hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwepo baina yetu.

Akaitwa kwenye kikao. Meneja wetu, Bwana Valence, alikuwa na ramani mbele yake. Nilikuwepo, naandika ninachokikumbuka.

"Mama Edda, hapa penye miti ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napoza simu, baba."

"Simu si uji, mama."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza tena, polepole, kama anavyomweleza mkulima asiyesikia vizuri. Wiki hiyo onyo likatoka: kusimama kivulini mara kwa mara saa za kazi, na kushindwa kwenda na kasi ya teknolojia. Miaka yote ile ya kuingia kwenye mifereji, halafu mtu anakuandikia kwamba umeshindwa kasi!

Bwana Valence si mtu mbaya, niseme hivyo kwa haki. Huuliza hali za watoto wetu na hukumbuka majina yao. Lakini nenda ofisini kwake. Kompyuta iliyo mezani pake ina feni yake ndani, tena ipo nyingine kubwa pembeni inayoielekea, na mchana pazia hushushwa isipigwe na jua. Hakuna aliyeiandikia onyo. Kompyuta ya kivulini imenunuliwa feni, simu ya juani imenunuliwa koti.

Baada ya onyo Mama Edda alijaribu kupoza simu haraka zaidi, ili asionekane amesimama. Hapa nafika kwenye kituko ambacho ameniruhusu nikiseme, kwa sharti kwamba niseme pia kuhusu kofia yangu, nami nimeshasema. Nyumba ya kwanza kabisa ya njia yake ni ya Mama Hope, mkulima anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa. Mama Hope huhifadhi maziwa ya jioni kwenye keni inayozamishwa kwenye maji ya kisima, na yanalala vizuri. Wakakaa wale wanawake wawili wakashauriana. Wakachukua keni kavu, wakaitia simu ndani, wakafunga kifuniko kwa nguvu, wakaizamisha. Ilitoka baridi safi. Ilitoka pia na ukungu ndani ya jicho la kamera, na kila shamba alilopiga picha mchana huo lilionekana kama liko mawinguni.

Akaipeleka kwa Octavian, fundi simu wa pale stendi, nami nilimsindikiza kwa sababu pikipiki yake siku hiyo ilikuwa gereji.

"Shikamoo, mama. Imeanguka majini?"

"Marahaba. Haikuanguka, niliiogesha."

Octavian akachukua bisibisi na kufungua kava. Nikamkumbusha Mama Edda kwamba hilo ni kosa la nidhamu. Akaniambia nigeukie barabarani nitazame magari. Nikatazama magari. Nyuma yangu nikamsikia Octavian akicheka peke yake.

"Mama, simu hii haiumwi. Mmeivika blanketi." Akaeleza kwamba ndani kuna prosesa, ndiyo inayofanya hesabu zote. Ikifanya kazi nyingi inapata moto, na moto huo unatokea mgongoni. "Sasa nyie mgongo mmeuziba kwa mpira. Juu jua. Kioo mmekiwasha mpaka mwisho. Setilaiti inatafutwa, kamera iko wazi, mtandao wa kule mbali unavutwa kwa nguvu, na pawabenki inachaji humo humo. Prosesa ikiona inaelekea kuungua, inajipunguzia kasi yenyewe. Huo si ubovu, inajiokoa. Ungekuwa ni wewe ungeshazimia. Na usiiogeshe tena, ikitoka motoni ikaingia baridini ghafla inatoa jasho kwa ndani."

Mama Edda akamweleza maneno ya meneja kuhusu uji. Octavian akafuta jicho la kamera kwa kitambaa, akarudishia kava, akasema, "Basi mwambie bosi ni uji. Usipoupoza haunyweki."

Hapa wengi tungeishia kunung'unika pale kwenye mti wa kuegesha pikipiki, ambako binafsi nina uzoefu wa kutosha. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Irine, afisa mifumo wetu, akamwomba waende wote Bonga siku yenye jua. Irine ni binti msomi kutoka Dodoma, na ndiye aliyeiweka ile hesabu ya muda wa kawaida. Hakufurahi, lakini alikubali. Nikachukuliwa na mimi kwa kazi ya kushika mwavuli, cheo ambacho sijawahi kukipata kabla.

Walichukua shamba moja, saa saba mchana, na simu mbili zilizonunuliwa siku moja. Ya Mama Edda ikabaki ndani ya kava, shingoni, juani. Ya Irine ikavuliwa kava, bila pawabenki, nami nikawa naifunika kwa mwavuli kila inapopumzika. Walizunguka bila kuzungumza. Irine alikuwa amemaliza pembe zote na kutuma, wakati simu ya Mama Edda ilikuwa bado inatafakari pembe ya pili. Irine akaiomba, akaibonyeza mwenyewe. Akaibonyeza tena. Akaigusa mgongoni na kuvuta mkono haraka. Kisha wakabadilishana, ile ya kwake ikaingia kwenye kava na kwenda juani, nayo baada ya muda ikawa nzito vilevile.

Akakaa chini pale pale shambani. "Mama Edda, ule muda wa kawaida niliupima mimi. Niliupima uani ofisini, asubuhi, chini ya miti, na simu haina kava. Nisamehe."

"Haya, umeupima. Sasa inuka, udongo huo una siafu."

Naandika kwa heshima kwamba Irine hakuficha kitu. Aliandika taarifa yake kesho yake, akajitaja kwa jina. Ushirika ungekuwa na akina Irine watano, mimi ningekuwa naandika wasifu wenye furaha tupu.

Uongozi ukakubali. Lile tangazo mliliona wenyewe ubaoni: makava yote yafunguliwe na kurudishwa stoo, simu zisiachwe juani, zisichajiwe wakati wa kupima, na mkaguzi aruhusiwe kusimama penye kivuli simu ikipata joto. Aruhusiwe! Tangazo linaishukuru ofisi kwa ubunifu. Jina la Otilia Margwe halimo. Alama za msimu mpya zilipotoka, Mama Edda alirudi wa kwanza, nami nikarudi mahali pangu panaponifahamu.

Basi tukadhani onyo limekufa. Nilimwendea Bwana Valence mwenyewe kumuuliza siku ya kutembeza njia itangazwe lini. Akaniambia onyo lipo palepale. Nikasema lakini sababu yake imeonekana si kweli. Akasema suala la kusimama limeshaeleweka, linaloendelea ni suala la nidhamu, kwa sababu Mama Edda alifungua kava kwa fundi wa mtaani kabla ya ruhusa kutolewa.

Naomba hapo tusimame kidogo. Ofisi ilitufunga simu kwa skurubu, simu zikaiva. Mama mmoja akafungua skurubu, tukajua kwa nini zinaiva. Ofisi ikatuamuru sote tufungue skurubu. Na wote tulioamriwa ni watumishi wema, ila yule aliyefungua wa kwanza! Kosa lake limebaki moja tu, kututangulia. Kama hilo linastahili onyo, basi lile la funza nalo lichunguzwe, maana hata siku ile hakusubiri ruhusa.

Nimeambiwa kwamba maneno haya ni makali kwa jarida la wafanyakazi. Huenda. Mimi ni mtu wa kucheka na watu, na daktari ameniambia nipunguze chumvi na hasira, chumvi nimeshaipunguza. Lakini nilimwona mwanamke huyu wiki iliyopita akitoka ofisini baada ya kuambiwa apeleke vifaa dirishani. Nilitarajia atalia, au atanigombeza mimi kwa kuwa nilikuwa karibu. Akasema tu, "Mimi sijaomba sherehe, Severine. Naomba kijana wa watu ajulikane Bonga. Kule wana mbwa, na wana mipaka ambayo haipo kwenye ramani yenu. Watamsumbua bure." Anayesemwa ni Sosthenes, mkaguzi mwenye familia yake, aliyetoka Njia ya Maisaka kuja kumpokea. Yeye Mama Edda, jina lake limechafuliwa, na bado anamwazia atakayebaki.

Bwana Valence, kalamu unayo, na tarehe 30 haijafika. Kufuta onyo ni sahihi moja. Tutashukuru, na jarida lijalo nitaandika sifa zako mpaka uone haya.

Usipofuta, mambo yatakuwa hivi. Tarehe 30 jioni Mama Edda atakwenda dirishani kama alivyoagizwa, atakabidhi simu, buti na pikipiki, atasaini. Kuanzia hapo yeye si mfanyakazi wetu tena, na kanuni zetu hazimhusu. Tarehe 1 Oktoba asubuhi, raia Otilia Margwe atakwenda Bonga kuwasalimu majirani zake wa miaka thelathini na miwili. Sosthenes naye, kwa mujibu wa ratiba iliyosainiwa na meneja, siku hiyo anaanza kazi Bonga. Wakikutana njiani wakaamua kutembea pamoja, nimepekua kanuni zote na sijaona kifungu kinachokataza. Wakaguzi wengine tumeomba likizo ya siku moja ili tuwe nyuma yao. Mama Hope ameshaambiwa, na ametuma salamu kwamba safari hii chai itanywewa kabla, kwa kuwa hakuna kitakachopimwa.

Mama Edda, tunakushukuru kwa magunia uliyoyarudisha, kwa funza uliowawahi, na kwa simu zetu zinazofanya kazi leo. Mungu akupe afya, na maisha ya kustaafu yawe mema kwako na kwa wajukuu. Nenda ukamshike Sosthenes mkono mbele ya watu wako, useme yale maneno. Bonga watakusikia wewe.

Severine Lohay
Mkaguzi, Njia ya Singe